Droo Ndefu ya Mzee Oyoo

Magoti ndiyo yaliyoanza yote. Isaiah Oyoo alikuwa fundi wa pampu za maji, na kwa miaka mingi magoti yake yalimtii bila ubishi. Kisha, mwaka ule wa elfu mbili na sita, yakaanza kudai haki zao. Kupanda ngazi yalikubali. Kuchuchumaa kando ya tangi yalikubali pia, shingo upande. Lakini kutambaa ndani ya pikapu yalikataa katakata.

Na kutambaa hakukuepukika. Pikapu yenyewe ilikuwa Pijo 504, ile ndefu ya zamani ambayo Wakenya wameibebesha kila kitu, kuanzia miraa hadi maharusi. Isaiah alikuwa ameifunika nyuma kwa kanopi ya bati ili vifaa vyake visinyeshewe wala kuibwa, na kanopi hiyo ilivilinda vizuri mno, hata na mwenyewe. Spana aliyoihitaji ilikuwa kila mara kule mbele kabisa, nyuma ya mabomba, chini ya gunia. Kuifikia ilimbidi aingie kwa magoti na viganja, ainamishe kichwa, apapase kama mtu anayetafuta kuku chini ya kitanda.

Siku iliyokata shauri alikuwa Kitisuru, kwenye nyumba moja iliyojificha nyuma ya miti na ua mrefu. Aliingia ndani ya kanopi kutafuta vali, akaipata, na alipotaka kurudi nyuma goti la kushoto likagoma. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Akabaki pale, makalio yakitazama bustani ya wenyewe, akisikiliza ndege. Mtu mwingine angeita. Isaiah alitafuta jina la kuita akalikosa. Msaidizi hakuwa naye, wenye nyumba walikuwa kazini, na askari wa getini alikuwa mbali, akisikiliza redio yake. Akangoja hadi goti lilipopoa, akajikokota nje polepole, akafanya kazi yake, na hakumwambia mtu yeyote. Lakini aliporudi nyumbani jioni ile alikuwa amekwisha kuamua. Kama yeye hawezi kuvifuata vifaa, basi vifaa vitamfuata yeye.

Angetengeneza droo. Droo moja ndefu, ya urefu wa pikapu nzima, ikae juu ya vyuma viwili na iteleze kwa beringi, uivute kwa mkono mmoja tu nayo ije nje na kila kilichomo.

Aliishi Riruta, hatua chache kutoka Naivasha Road, katika ploti ya Mama Waringa. Ilikuwa ploti kama nyingine za huko: vyumba vya kupanga vimetazamana, saruji katikati, bomba moja la maji, kamba za nguo, na karibu na geti nafasi ya gari moja, ambayo Isaiah aliachiwa kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na gari. Mama Waringa, mwenye ploti, alikaa nyumba ya mawe ya mbele. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa ule, mwanamke mkunjufu na mdadisi, na hakuna kilichopita getini pasipo yeye kukiona. Kila asubuhi alipokutana na Isaiah aliuliza jambo lile lile.

"Mzee Oyoo, umeamkaje? Na mama huko nyumbani, ni mzima?"

"Mzima," Isaiah alijibu.

"Msalimie sana. Mwambie Mama Waringa anamsalimia."

"Nitamwambia."

Mama huyo aliyekuwa akisalimiwa, Veronicah Awiti, mke wa Isaiah, alikuwa kaburini huko kwao Ugenya, magharibi mwa nchi, kwa miaka mitatu sasa.

Jambo hili ni la ajabu, na afadhali lielezwe mapema, kwa sababu Isaiah hakuwa mwongo. Veronicah alikaa nyumbani, akalima, akalea mabinti wawili hadi wakaolewa mbali. Isaiah akakaa Nairobi akitafuta. Ndivyo walivyogawana maisha, na hawakuona ubaya. Nairobi Veronicah alikuja mara moja tu, Agosti moja, akamfundisha Mama Waringa kupika samaki wa kukaushwa, akasifiwa na ploti nzima, akaondoka mbio kabla ndege hawajamaliza mtama wake. Kisha akaugua ghafla, na simu ya shemeji ikamkuta Isaiah juu ya tangi la watu. Alisafiri, akamzika, akakaa na waombolezaji siku zinazotakiwa, akarudi kazini. Na asubuhi aliyofika, begi lingali begani, Mama Waringa akamuuliza pale getini, "Habari za nyumbani?"

"Nzuri," akasema Isaiah.

Ndivyo watu wanavyojibu. Hakuna aliyelelewa vizuri anayeanza na mabaya akiwa wima, kwanza husema nzuri, kisha, mkiisha kuketi na kupewa chai, ndipo husema "ila tu." Isaiah alikuwa amekwisha kuiandaa ila tu yake njia nzima. Lakini hawakuketi. Siku hiyo Mama Waringa alikuwa na lori la mawe getini na ugomvi na dereva wake, akauliza juu juu, "Na mama?" na mdomo wa Isaiah, uliozoea neno moja kwa miaka, ukasema, "Mzima." Akaingia chumbani, akaketi kitandani, akajiambia kesho atasema.

Kesho yake akaulizwa tena. Hapo ndipo penye mtego. Uongo wa kwanza unaweza kumponyoka mtu, lakini wa pili anausema kwa hiari yake, ili kuulinda ule wa kwanza. Baada ya mwezi angesemaje? Kwamba mwezi mzima alikuwa akipokea salamu za marehemu na kuahidi kuzifikisha? Akanyamaza. Kunyamaza ni kazi rahisi ukishaizoea, na yeye aliizoea.

Lipo jingine ambalo hakujiambia ila siku chache. Alipenda kuulizwa. Kote Nairobi, Veronicah alikuwa hai mahali pamoja tu, pale getini, kila asubuhi, kwa muda wa kuulizwa na kujibiwa. Malipo yake yalikuwa haya: hakuna mtu Riruta aliyewahi kumpa pole, hakuna aliyekuja kuketi naye. Alilia kwenye foleni ya magari, vioo vimefungwa, akiomba foleni isisogee. Jioni alipika ugali wa mtu mmoja na kuosha sahani moja. Alikuwa mpweke, na upweke wake ulikuwa wa aina mbaya zaidi, ule ambao majirani hawaujui, kwa hiyo hawana kosa.

Basi akaianza droo. Beringi alizifuata mjini, Kirinyaga Road, ile ambayo watu wa umri wake bado wanaiita Grogan. Alichagua zilizotumika, akaziosha kwa petroli, akazizungusha moja moja karibu na sikio, zilizokoroma akazirudisha. Ubao alinunua saiprasi kwa sababu ni mwepesi, na sakafu ya droo akaiwekea plaiwudi. Vyuma vya kutelezea alivichomelea mwenyewe hapo ploti siku za Jumapili, watu wakiwa kanisani, asije akawapigia kelele.

Shida ilikuwa kuvisawazisha. Vyuma hivyo viwili ni lazima viwe sawa kabisa; kimoja kikipanda kwa unene wa ukucha tu, droo inakwama katikati na haisikii kusihiwa. Ni kazi ya watu wawili, mmoja mbele anashikilia, mmoja nyuma anatazama. Isaiah alifunga ncha moja kwa kamba kwenye nguzo ya nguo, akazunguka gari kwenda kutazama, akazunguka tena kulegeza, akarudi kutazama, na kamba ikampa jibu tofauti kila mara. Kazi ya watu wawili humpa mtu mmoja safari nyingi. Jumapili mbili zikaishia hapo. Nthenya, mwanamke wa chumba cha jirani, aliyekuwa akifulia watu nguo huko Lavington na hakuwa msemaji, alipita na beseni lake akasimama kidogo kana kwamba angeuliza jambo. Isaiah hakuinua uso, naye akaenda zake.

Mwishowe droo ikakubali. Ikabaki kupambwa, na hapo ndipo Isaiah, fundi mwangalifu aliyepima kila kitu, alipokosea. Alifikiria kazi tu, jicho la jirani hakulifikiria hata mara moja.

Vishikio, kwa mfano. Vya madukani vilikuwa vya makabati ya jikoni, ukivuta kwa nguvu vinabaki mkononi. Akawakumbuka maseremala wa majeneza walioko karibu na mochari. Vishikio vyao hubeba mtu mzima, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Akaenda, akavijaribu kwa kuvining'inizia uzito, akanunua vya mbele vya kuvutia na vingine vya ubavuni, ili droo iweze kuinuliwa na kutolewa siku ya kuosha gari. Jamleck, mwenye kioski cha mayai na mkate kando ya geti la ploti, alikuwa amepita upande huo siku hiyo, akamwona kwa macho yake akigeuza kishikio juani. Hakumsalimia. Mahali kama pale humsalimii mtu. Unapita umeinamisha kichwa.

Halafu spana zilipiga kelele kwenye mbao. Isaiah akanunua kwa mchuuzi mmoja katikati ya jiji mabaki ya pazia zito la zambarau, akatandika sponji chini na kulipigilia pazia juu yake vizuri, pembe kwa pembe. Halafu vumbi la Riruta, ambalo halina adabu, likaingia. Akaweka kifuniko chenye bawaba. Mwisho akapaka vanishi mara mbili, kwa sababu ubao usiopakwa huoza. Jumamosi moja mchana akaitoa droo yote, akaiweka juu ya matofali karibu na geti ikauke.

Hebu tuitazame kama walivyoitazama wengine. Sanduku la mbao linalong'aa, refu kama mtu aliyenyooka na nafasi kidogo ya zaidi, lenye kifuniko, limetandikwa zambarau ndani, na vishikio vya dhahabu bandia ubavuni. Mtoto wa shule angejua ni nini. Isaiah, aliyekuwa amelitengeneza, aliona droo tu, na aliona ni nzuri.

Alipoirudisha kwenye vyuma vyake na kuisukuma, iliteleza bila sauti. Akaivuta, ikaja. Akaisukuma, ikaenda. Goti halikushughulishwa hata kidogo. Akaivuta tena kwa kidole kimoja, akageuka akitabasamu kumwambia mtu atazame, na nyuma yake palikuwa na shuka za watu zikipepea kwenye kamba. Tabasamu likamkaa usoni bila mahali pa kwenda. Ilimuuma zaidi ya alivyotarajia. Akafunga kanopi, akaingia ndani kuchemsha maji ya kuoga.

Wakati huo huo mbele, kwenye nyumba ya mawe, mambo yalikuwa yamekwisha kuiva.

"Mama, nilimwona na macho yangu," Jamleck alikuwa akisema. "Alikuwa anashika hizo handle zao, anaangalia kama ziko na nguvu. Sasa leo hiyo boksi ilikuwa hapo. Kwani hiyo ni ya kuweka nguo?"

"Mbona hajasema kitu?" Mama Waringa akauliza. "Asubuhi nimemsalimia, amesema wote wazima."

"Huyo mzee si ni mtu ya kunyamaza. Pengine ni ndugu yake. Anatengeneza jeneza mwenyewe, apeleke mwili na pikapu."

"Peke yake? Mpaka Ugenya?"

"Peke yake. Kwani ana nani?"

Mama Waringa aliona aibu, kwa sababu swali lile lilikuwa la kweli. Mtu amelipa kodi kwake miaka yote hiyo, na hakuweza kumtaja rafiki yake hata mmoja. Waliposema wahenga lisemwalo lipo, na kama halipo laja, hawakusema kwamba mara nyingine lilikwisha kuja, likapita, na hakuna aliyelisikia. Mama Waringa hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba hakuna mtu atakayeomboleza peke yake ndani ya geti lake. Akatuma neno kwa watu wa jumuiya.

Kesho yake, Jumapili baada ya chakula cha mchana, Isaiah alisikia viti vikiburutwa uani. Akafungua mlango. Watu walikuwa wamejaa: wanajumuiya, wapangaji, Jamleck na shati lililopigwa pasi, Nthenya na leso begani. Kulikuwa na chupa za chai na bakuli la mandazi lililofunikwa. Akadhani zamu ya sala za jumuiya imeangukia ploti, akasogeza meza kuwapisha. Kisha Mama Waringa akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Mzee Oyoo."

Wa pili akamshika. "Pole, mzee." Wa tatu hivyo hivyo, na wa nne, wakipanga mstari kutoka uani, waliomjua na wasiomjua. Isaiah hakuwa mjinga. Kabla mstari haujafika nusu alikuwa amewaona wawili wakiitupia pikapu jicho na kuinamisha kichwa, na mara moja, kana kwamba mtu amemwondolea kitambaa machoni, akaiona droo yake walivyoiona. Neno la kuyamaliza lilikuwa tayari mdomoni. Ni droo ya spana, jamani. Wangecheka hadi mandazi yawapalie, wangekunywa chai, wangekwenda.

Hakulisema. Kila mkono ulioshika wake ulikuwa na joto, na kila pole ilikwenda moja kwa moja hadi mahali palipokuwa pakiingoja. Alikuwa amezingoja kwa miaka mitatu. Hakujua kwamba alikuwa akizingoja hadi zilipoanza kufika.

Wakaketi, wengine kitandani, wengine mlangoni, wengine uani. Wimbo ukaimbwa. Chai ikamiminwa, na Isaiah akapewa yake ya kwanza kama inavyostahili mfiwa, akaishika bila kuinywa.

"Mzee Oyoo," Mama Waringa akasema, "hukutuambia, lakini macho hayana pazia. Tumeona hiyo kitu huko nje. Hatujakuja kukuuliza mbona ulinyamaza. Tuambie tu ni nani, tumwombee."

Isaiah akafungua mdomo aseme ni droo.

"Ni Veronicah," akasema.

"Ngai," akasema Mama Waringa, na mkono wake ukapanda kifuani. "Mama mwenyewe? Yule wa samaki?" Macho yakamjaa hapo hapo. "Na mimi jana nimemsalimia."

Wanawake wakaanza kulia kwa sauti ya chini, wachache waliomkumbuka na wengi wasiomkumbuka. Isaiah alikaa katikati ya kilio hicho, na lazima isemwe, hata kama haimpi sifa: kwa muda mfupi alikuwa na raha. Jina lilikuwa limetoka. Lilikuwa likipita mdomo kwa mdomo ndani ya chumba ambamo kwa miaka mitatu hakulitaja mtu mwingine ila yeye, tena kwa kunong'ona, akiwa anakoroga ugali.

Lakini Mama Waringa hakuwa mtu wa kulia bila kupanga. Alipangusa macho kwa ukingo wa kitambaa chake, akakaa wima.

"Sasa sikilizeni. Mzee anataka kumbeba mama na hiyo pikapu, peke yake, mpaka Ugenya. Hiyo haiwezekani. Mtu ya kwetu hawezi kuzika bibi yake kama mtu hana kwao. Tutatafuta gari. Nani ataenda na mzee?"

Mkono wa Jamleck ukainuka kwanza. "Kioski nitafunga," akasema. Wa mzee mmoja wa kwaya ukafuata. Wa mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyekuwa ameoa juzi, na wa mke wake. Wa Nthenya. Wakainua hata walioko uani, wasioonekana vizuri, na mtu mmoja huko nje akauliza kama watoto wanaweza kuachwa kwa shangazi. Isaiah aliitazama mikono ile, akakumbuka kitu alichokuwa amekizika pamoja na mkewe.

Huko kwao siku ya mazishi, mwongozaji husimamisha watu kwa makundi ili wafiwa wawaone na kuwashukuru. Waliotoka kwa kina Veronicah wakasimama. Waliotoka kanisani wakasimama. Kisha mwongozaji akasema kwenye kipaza sauti, "Wageni waliokuja na mzee kutoka Nairobi, tafadhali wasimame tuwaone." Hakuna aliyesimama. Mwongozaji akarudia, akidhani hawakusikia. Ndipo Isaiah, mfiwa mwenyewe, aliposimama kwenye kiti chake cha mbele, peke yake, kwa sababu ni yeye tu aliyekuwa ametoka Nairobi. Mama mkwe wake alimtazama. Hakumlaumu kwa neno lolote. Baadaye, akimpa chakula, alimuuliza taratibu tu, "Miaka yote hiyo uko huko, mwanangu, unaishi na nani?"

Na sasa hawa hapa. Walikuwa hapa hata wakati ule, wote, ng'ambo ya ukuta, na mikono yao. Kilichohitajika ni yeye kuketi na kusema ila tu.

"Shusheni mikono," Isaiah akasema.

Hawakumsikia, walikuwa wakijadiliana gari. Akaweka kikombe chini, akasimama, magoti yakilia.

"Naomba mshushe mikono. Mama amezikwa. Amezikwa zamani, miaka mitatu iliyopita. Hiyo kitu huko nje ni droo yangu ya kazi, ya kuweka spana. Magoti yananisumbua."

Mtu mmoja karibu na mlango alianza kucheka, akaugeuza kikohozi. Mikono ikaanza kushuka, mmoja hapa, mmoja pale, na watu wakatazama mandazi wasijue kama yanaruhusiwa kuliwa. Mama Waringa alikuwa bado anamkazia macho.

"Miaka mitatu," akasema. "Kila asubuhi nakuuliza. Kila asubuhi unaniambia mzima."

"Ndiyo, mama."

"Na salamu zangu? Ulikuwa unazipeleka wapi?"

Isaiah alitafuta jibu la heshima, akapata la kweli tu. "Sikuzipeleka popote. Nilikuwa nakaa nazo."

Mama Waringa akageuza uso. Alikuwa amefanywa mjinga kwenye geti lake mwenyewe, tena kuhusu mfu, na jambo hilo halikuwa dogo kwake; angekaa wiki nyingi bila kumsamehe. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao kwa miguu. Isaiah akaona mambo yanavyokwenda: wangetoka kimya, viti vingeburutwa, kesho angesalimiwa na kuulizwa juu ya mvua. Akajiona ni haki yake.

"Nthenya, shusha mkono," Jamleck akanong'ona. "Kwani hukusikia?"

Mkono wa Nthenya ulikuwa bado juu. Alikuwa ameketi sakafuni kando ya kabati, leso imemteleza begani, naye alikuwa akimtazama Isaiah.

"Nimesikia," akasema. "Mimi bado nitaenda."

"Ameshazikwa, dada."

"Nimesikia. Mzee, kaburi si liko?"

"Liko," Isaiah akasema. "Lakini ni mbali. Na wewe hukumjua."

"Sikumjua. Hata wewe sikujui, na tunalala ukuta mmoja. Nilikuwa nakusikia hapa jioni ukiongea pole pole, nikafikiria uko na wageni." Kwa mkono mwingine akaivuta leso irudi begani; hakuzoea kusema mengi mbele ya watu. "Mwisho wa mwezi napata siku ya kupumzika. Nitaenda."

Isaiah alitaka kusema asante. Badala yake uso wake ukavunjika. Akaketi, akajaribu kujifunika kwa viganja, vikawa havitoshi, na kilio kikamtoka kwa sauti, kilio kibaya cha mwanaume mzima, pale mbele ya watu wengi waliovaa nguo za kanisani. Hakuna aliyemwambia jikaze. Yule mzee wa kwaya akasogea akamwekea mkono mgongoni, na waliokwisha kuvaa viatu wakavivua.

Mama Waringa alisimama kwa muda amewapa mgongo. Kisha akageuka, akafanya ishara ya msalaba na kuanza sala ya marehemu. Hasira ilikuwa haijamtoka na sauti yake iliionyesha, lakini alilitaja jina lote, Veronicah Awiti, na watu wakaitikia.